Ewart Grogan: Vita, Hati ya Ardhi na Hospitali ya Watoto

Anayetafuta gearbox ya Probox, kioo cha kando cha Nissan au silensa iliyotumika hapa Nairobi huambiwa aende Grogan. Kibao kinasema Kirinyaga Road, na kimesema hivyo tangu miaka ya baada ya uhuru, lakini mafundi wa kule chini karibu na mto, wauzaji wa spea na makanga hawakuliacha jina la zamani. Upande mwingine wa jiji, Muthaiga, mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa usiku wa manane anateremka langoni mwa hospitali ya Gertrude's. Wachache wanajua kwamba majina hayo mawili yanatoka katika nyumba moja: ya Ewart Grogan, aliyezaliwa London tarehe 12 Desemba 1874 na kufariki Cape Town mwaka 1967 akiwa na miaka 92.

Wanaomsifu humsimulia kwa mpangilio uleule: alipigana vita, akafanya biashara, akatoa sadaka. Yote matatu aliyafanya kweli. Kinachorukwa ni namna hatua moja ilivyozaa nyingine, na hapo ndipo penye maana kwetu. Ukifuatilia mali ya Grogan tangu mwanzo hadi mwisho, kila kona unakutana na karatasi moja: hati ya ardhi yenye miaka mingi. Ushujaa wake wote, bila karatasi hiyo, usingejenga hata wodi moja. Na maelfu ya askari Waafrika waliopigana katika vita hivyohivyo walirudi nyumbani bila hiyo karatasi.

Baba yake alikuwa mpima ardhi wa cheo kikubwa Uingereza, na Ewart alikuwa mtoto wa 14 kati ya 21. Alifukuzwa chuo kikuu cha Cambridge kwa utundu, akaja kusini mwa Afrika, na mwaka 1896 akajiunga na vita vya kuwazima Wandebele waliokuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Cecil Rhodes. Hiyo ndiyo vita yake ya kwanza, na tuiite kwa jina lake: ilikuwa vita ya kuwanyang'anya watu nchi. Baadaye, akiwa New Zealand, akampenda Gertrude, na baba wa kambo wa binti huyo hakumwona kijana huyu kuwa mtu wa kutegemewa. Grogan akaamua kuonyesha ujasiri wake kwa kutembea bara zima kutoka kusini hadi kaskazini. Alianza safari kutokea Beira mwaka 1898 pamoja na Arthur Sharp, wakafuata maziwa makuu, Nyasa, Tanganyika, Kivu na kuendelea. Sharp akaachana naye njiani, na Grogan akafuata Mto Nile mpaka Cairo, akafika mwaka 1900. Mwaka huohuo akamwoa Gertrude.

Katika masimulizi mengi ya safari hii anatembea yeye peke yake. Hakutembea peke yake. Wapagazi ndio waliotembea na mzigo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi siku hizo ulikuwa ratili 60 hadi 65, yaani karibu kilo 30: hema, ushanga, vitambaa vya kubadilishana, risasi, chakula. Fanya hesabu. Mtu anayebeba siku nzima anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Mpagazi mmoja mwenye mzigo wa chakula anaweza kulisha watu kumi kwa siku tatu tu. Ndiyo maana msafara haukuweza kubeba chakula chake chote; ulitegemea kununua, au kunyang'anya, vijijini. Ukipita nchi iliyokumbwa na njaa au vita, msafara unavunjika: watu wanakimbia, wengine wanalala njiani wasiamke. Hesabu hii ndogo ya chakula na mabega ya watu itarudi tena mwaka 1916, na safari hiyo kwa vifo vya makumi ya maelfu.

Grogan aliingia Kenya mwaka 1904, pamoja na mfanyabiashara wa mbao kutoka Kanada aliyeitwa Lingham. Nairobi ilikuwa na miaka mitano tu tangu reli ifike, Mei 1899. Serikali ya kikoloni ilikuwa na reli yenye deni na treni zinazorudi pwani tupu. Ilihitaji mtu yeyote atakayejaza mabehewa. Grogan aliomba msitu, akapewa haki ya kukata miti juu ya eneo kubwa mno upande wa Eldama Ravine na Maji Mazuri. Akili yake ya biashara inaonekana katika sharti aliloambatanisha: mbao haziwezi kuuzwa nje bila gati, kwa hiyo akataka pia ardhi ya ufuo Mombasa, pale Mbaraki. Msitu ulikuwa sababu. Gati ndilo lililokuwa na faida ya kudumu, maana kila mwenye shehena angepita mlangoni pake.

Biashara ya mbao yenyewe haikuwa rahisi, na anayedhani mzungu alipewa msitu akaanza kuhesabu pesa hajawahi kuona kinu cha mbao. Miti mikuu ilikuwa miwili: mutarakwa, yaani mwerezi wa milimani, na podo. Mutarakwa hauliwi na mchwa, ndiyo maana nguzo zake za ua hudumu miongo. Lakini miti mingi mizee ya aina hii huoza kiini kwa ukungu huku ganda na matawi yakiwa mazima. Unaukata, unaangusha, na ndani unakuta tundu. Mti wa kimo cha kutisha unatoa mbao za kutengeneza penseli tu. Podo ni mwepesi kupasua na mbao zake ni pana na safi, lakini ukiuacha mbichi kwenye rundo bila nafasi ya hewa, unashika ukungu wa rangi ya buluu na mnunuzi anaukataa. Ni lazima upasuliwe mapema na mbao zipangwe na vijiti katikati ya kila safu, chini ya kivuli, zikauke polepole. Juu ya hayo ongeza mteremko. Magogo yalipaswa kutoka milimani mpaka reli kuu, na njia ya reli ndogo kwenye mlima mkali hula breki, mafuta na watu. Mtaji wa kazi hiyo hautoki kwenye mshahara wa mtu. Unatoka kwa wakopeshaji, na wakopeshaji wanaangalia mkataba wa ardhi.

Hapo ndipo tofauti ilipokuwa kubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi kumiliki mashamba kwa mikataba ya miaka 999. Benki ikiona muda kama huo, inakopesha. Grogan aliishi kwa madeni maisha yake yote: alichukua kipande, akakiweka rehani, akaanzisha kitu kingine, akauza sehemu, akalipa, akachukua tena. Hakuna ubaya katika ufundi huo. Wenye mali wengi wa Nairobi leo wanafanya vilevile. Ubaya ni kwamba milima ileile ilifungwa kwa Mwafrika kwa sheria.

Nairobi kwenyewe alinunua kinamasi. Ardhi ya kando ya Mto Nairobi, kuanzia karibu na hapa tunapopaita Globe kushuka kuelekea Gikomba, ilikuwa tope, mafunjo na mbu. Watu wa reli waliichagua Nairobi kwa sababu ilikuwa tambarare ya mwisho yenye maji kabla ya kupanda kuelekea bonde la ufa, na madaktari wakalalamika tangu mwanzo kwamba maji hayana pa kwenda. Udongo ni ule mweusi wa pamba. Wakati wa mvua unavimba, wakati wa kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kutia mkono, na nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa hupata nyufa kona za madirisha ndani ya misimu michache. Njia ya kufanya kazi hapo bado ni ileile: chimba mpaka mwamba au mpaka udongo mgumu, ondoa ule mweusi wote, jaza mawe na kifusi kwa tabaka na kushindilia kila tabaka, kisha chimba mfereji wenye mteremko wa kutosha kupeleka maji mtoni. Mfereji ukikosa mteremko, au ukijazwa taka, kinamasi kinarudi. Kila Machi na Aprili wenye vibanda vya spea wa Grogan huinua injini na magurudumu juu ya mbao, kwa sababu maji yanakumbuka njia yao.

Faida ya kinamasi ni kwamba hakuna anayekitaka. Unakinunua kwa bei ya chini, unangoja jiji likufikie. Grogan alingoja zaidi ya miaka 30 huku mji ukikua upande wa mashariki, na thamani ikapanda bila yeye kupanda hata mche. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwalalamikia mara nyingi walanguzi wa ardhi wa namna hii. Ukiona leo viwanja vinavyokaa na ua wa mabati na mlinzi mmoja miaka 20 kandokando ya barabara za mzunguko, ni biashara ileile.

Kuna jambo moja ambalo hakuna makala ya haki juu ya Grogan inayoweza kuliruka. Tarehe 14 Machi 1907, mbele ya jengo la mahakama la Nairobi, mchana, umati wa walowezi ukitazama, Grogan aliwachapa kwa kiboko Wakikuyu waliokuwa wavutaji wa riksho. Kosa walilotajiwa lilikuwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu kwa kuinamisha mikono ya riksho ghafla. Wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi, na alichagua mahali pale makusudi ili serikali ione kwamba walowezi wataamua wenyewe. Hakimu alijaribu kuwazuia, hawakumsikiliza. Alishtakiwa kwa kushiriki mkutano haramu, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na kifungo hicho akakitumikia kwenye nyumba badala ya jela ya kawaida. Majina ya waliochapwa hayana barabara. Anayeandika juu ya ukarimu wake lazima aandike na siku hiyo, kwa sababu mkono uliosaini zawadi ya Muthaiga ndio uliokuwa umeshika kiboko.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Grogan alikuwa na kitu ambacho jeshi lilikihitaji: aliijua nchi ya Kivu na mpaka wa Kongo kwa miguu yake. Alipewa kazi ya ujasusi na ya kuunganisha majeshi ya Uingereza na ya Wabelgiji, akatunukiwa nishani ya DSO. Mwaka 1915 alihutubia mkutano mkubwa wa walowezi Theatre Royal, jengo lililokuja kuwa sinema ya Cameo kwenye Kenyatta Avenue, akitaka koloni lote liingizwe vitani kwa lazima.

Koloni liliingizwa, ila mzigo uliwaangukia wapagazi. Malori hayakuweza kupita kwenye matope ya Rufiji, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni bega la mtu. Hesabu ile ya kilo 30 ikarudi: kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo wapagazi wengi zaidi walivyohitajika kuwabebea chakula wapagazi wengine. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, na sehemu ya kuhara ilitokana na unga: mahindi yaliyosagwa vibaya, yakapikwa haraka kwa kuni mbichi na maji machache, yakaliwa na watu ambao wengine wao hawakuzoea chakula hicho. Mahindi yenye vipande vigumu yanakwaruza utumbo. Utumbo ukishachubuka, ugonjwa unaingia. Sufuria kubwa, kuni kavu na muda wa saa nzima motoni vingeokoa maisha ya watu wengi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kenya hawakurudi. Kambi yao Nairobi, ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina la Kariokor, ambapo leo unanunua vyondo na kula nyama choma.

Baada ya vita ikaja zawadi. Mwaka 1919, palepale Theatre Royal, walowezi waliopigana walikusanyika kwa bahati nasibu ya mashamba. Kulikuwa na mapipa mawili ya kuzungushwa, majina katika moja na namba katika lingine, na mtu aliondoka na shamba. Mashamba madogo yalitolewa bure, makubwa yakauzwa kwa malipo ya miaka mingi. Sehemu ya ardhi hiyo ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Mwafrika aliyebeba mizigo hakuwa na tiketi katika pipa lolote. Alichopata mwaka huo na uliofuata ni kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kuning'iniza shingoni. Kisha mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara, na Harry Thuku akaanza kukusanya watu kupinga.

Kwa Grogan miaka ya 1920 ilikuwa ya kupanua. Mwaka 1928 alijenga Torr's Hotel kwenye kona ya Delamere Avenue, sasa Kenyatta Avenue, na barabara tunayoiita Kimathi. Jengo lile la matofali mekundu bado limesimama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 liligeuzwa benki, na benki bado iko pale. Hoteli ya mjini ni biashara nzuri kwa mwenye kiwanja kwa sababu inaleta pesa taslimu kila siku, tofauti na msitu au shamba ambapo unangoja mwaka. Inafaa kusema pia kwamba Waafrika waliingia humo wakiwa wamebeba sinia.

Kisha akahamia Taveta. Huko, kati ya Ziwa Jipe na mpaka wa Tanganyika, alikausha vinamasi, akachimba mifereji ya umwagiliaji, akapanda mkonge, na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima ile nyumba wanayoiita Grogan's Castle. Mkonge ni zao la mtu mwenye subira na maji. Unangoja karibu miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Ukishakata, jani linapaswa kufika kwenye korona, mashine ya kukamua, haraka, kabla utomvu haujakaukia na kugandisha nyuzi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu ni karibu kilo nne. Yaani ubebe tani 25 kupata tani moja. Zilizobaki ni maji na makapi yanayonuka mpaka mbali. Ndiyo sababu mashamba ya mkonge yana reli ndogo na yapo karibu na maji: kusafirisha maji yaliyomo kwenye majani ndiko kunakokula faida. Mwaka 1942, Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, kamba za meli za Uingereza na washirika wake zilikosa malighafi, na kila shamba la mkonge Afrika Mashariki likawa dhahabu. Taveta, mpaka leo, swali la nani anamiliki mashamba hayo makubwa huku wenyeji wakikaa kama maskwota halijatulia.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Mwaka 1947 Grogan alitoa ardhi Muthaiga kwa kumbukumbu yake, na hapo ikaanzishwa Gertrude's Garden, kwa ajili ya watoto. Nairobi ya wakati huo iligawa hata vitanda kwa rangi: Waafrika walikuwa na hospitali iliyoanza kama Native Civil Hospital mwaka 1901, ambayo sasa ni Hospitali ya Kenyatta, na hospitali ya Wazungu, sasa Nairobi Hospital, ilifunguliwa mwaka 1954. Zawadi ya Grogan ilizaliwa ndani ya mpango huo. Lakini ilikuwa na mwelekeo mmoja usiobadilika, watoto, na ndiyo imeivusha mpaka leo, ambapo ni hospitali ya watoto yenye matawi Embakasi, Lavington na kwingineko, na mtoto wa Donholm anatibiwa humo.

Ili kuona uzito wa hati ya ardhi, weka kando yake maisha ya askari wawili wanaojulikana na kila Mkenya. Waruhiu Itote alipigana Burma. Aliporudi alijaribu biashara ya makaa, akakwama kwenye leseni na mtaji, akaishia kutia makaa kwenye injini za reli kabla ya kuingia msituni na Mau Mau na kuwa Jenerali China. Bildad Kaggia alijiunga na jeshi mwaka 1940, akatumwa Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi 1946. Askari hawa walikuwa na akiba ya posta, ujuzi wa udereva, ukarani na ufundi. Wengine walinunua malori, wengine wakafungua hoteli na maduka. Kizuizi chao kikubwa kilikuwa mkopo. Sheria ya mikopo kwa wenyeji iliweka kikomo: anayemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali cha serikali hangeweza kumdai mahakamani. Basi muuzaji wa jumla alitaka taslimu tupu. Katika maeneo ya hifadhi hapakuwa na hati za mtu binafsi mpaka baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali wa kuwapa wakulima Waafrika hati, kwa hiyo hapakuwa na cha kuweka rehani. Lori likiharibika ekseli, biashara ilikufa, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukopa ekseli.

Kaggia, baada ya jela ya Kapenguria, bunge na kugombana na serikali juu ya ardhi ya bure kwa wapigania uhuru, alikuja kuendesha kinu cha posho Makutano, Murang'a. Ni biashara ya heshima na inafaa ieleweke. Kinu cha nyundo kina vyuma bapa vinavyozunguka kwa kasi na kupiga mahindi mpaka yapite kwenye chujio. Kona ya nyundo ikilika, unaigeuza. Nyundo yenye kona nne inatumika kona zote nne, kisha inabadilishwa. Zibadilishe zote kwa pamoja, au pande zinazokabiliana zenye uzito sawa, la sivyo mhimili utatetemeka na kula beringi. Mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 14 yanaziba chujio, unga unatoka moto, na mkanda unateleza kwenye puli huku injini ikila dizeli bure. Mteja unamwambia ayaanike kwanza, hata akikasirika. Kinu kama hicho kinalisha familia na kusomesha watoto. Lakini ni chuma kinacholika. Kinamasi cha Kirinyaga Road hakiliki.

Kwa askari anayestaafu leo Nairobi, au raia yeyote mwenye nia ya kutoa, zawadi ya Muthaiga ina funzo la kikazi. Kiwanja kinachotolewa kwa mdomo kwenye harambee, mbele ya kasisi na kamera, si zawadi bado. Kwanza pima na ukate kipande chenyewe, ramani yake isajiliwe. Kama ni shamba, omba idhini ya bodi ya ardhi ya eneo ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe. Ukichelewa, mkataba unakufa. Kama una mke au mume na ardhi ni ya familia, pata idhini yake ya maandishi. Kisha unda chombo cha kupokea: wadhamini waliosajiliwa wenye urithi wa kudumu, au kampuni isiyo na hisa, au shirika chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Hati iandikwe jina la chombo hicho, kamwe si la mwenyekiti. Ushuru wa stempu kwa zawadi ya hisani unaweza kuombewa msamaha, na ombi liende pamoja na karatasi za usajili. Ndani ya hati ya udhamini taja kazi moja, kama Grogan alivyotaja watoto, na useme nini kifanyike kazi hiyo ikishindikana.

Mambo huharibika mahali palepale kila mara. Mtoaji anafariki kabla ya uhamisho, warithi wanaikuta hati bado ina jina lake, na zahanati iliyojengwa inakuwa mgeni kwenye shamba la marehemu. Au wadhamini ni ndugu watatu wa nyumba moja, na wakigombana hakuna wa nne wa kupiga kura. Au ardhi imetolewa bila senti ya kuiendesha: jengo linazinduliwa, halafu hakuna mshahara wa muuguzi wala dizeli ya jenereta. Hospitali inayodumu ina wagonjwa wanaolipa, na mfuko uliotengwa kuwalipia wasioweza, wenye vitabu vya hesabu tofauti.

Mikataba ile ya miaka 999 nayo ilikatwa. Kifungu cha 65 cha katiba ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kushika ardhi Kenya kwa zaidi ya miaka 99. Anayetaka kufuata nyayo za Grogan kwenye karatasi anaweza kuanzia magazeti rasmi ya serikali ya zamani na faili za ardhi katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Viwanja vingi vya Nairobi vilisajiliwa kwa namba zinazoanza na 209, ingawa sasa vinahamishiwa mfumo mpya. Chukua namba ya kiwanja kimoja cha Kirinyaga Road, omba upekuzi rasmi, na umwombe karani akuonyeshe faili la zamani pia, kwa sababu upekuzi wa kawaida unakupa mmiliki wa sasa tu. Waliotangulia wamo kwenye faili.